Kanuni ya 10% na sato wa vizimba: mbona hesabu hazikubaliani?

mwl_biolojia
Habari wanajukwaa. Vitabu vya sekondari vinafundisha kuwa nishati inayopanda kutoka ngazi moja ya mnyororo wa chakula hadi ngazi inayofuata ni kama 10%. Lakini wafugaji wa sato kwenye vizimba (mabanda ya nyavu yaliyowekwa majini) Ziwa Victoria wanatumia kilo 1.5 za chakula kupata kilo 1 ya samaki, yaani 67%. Mwanafunzi akiniuliza kosa liko wapi, nimjibu nini?

lishe_samaki
Mwalimu, kosa liko kwenye maji. Chakula cha punje ni kikavu, kina maji kama 10% tu. Sato mzima ana maji karibu 75%. Yatoe kwanza: kilo 1.5 za chakula zinabaki kilo 1.35, na kilo 1 ya samaki inabaki gramu 250. Hiyo ni 18.5%. Kwa nishati, chakula kina takriban megajuli 18 kwa kilo, kwa hiyo umemwaga megajuli 27. Kilo 1 ya samaki ina kama 6. Unapata 22%.

Hiyo 22% bado ni zaidi ya 10%, na hapa ndipo penye somo zuri. 10% ni wastani wa makadirio, na ndani yake kuna sehemu tatu zinazozidishwa: kiasi kinacholiwa kati ya kilichopo, kiasi kinachomeng'enywa kati ya kilicholiwa, na kiasi kinachogeuka mwili kati ya kilichomeng'enywa. Mfano: 50% × 80% × 25% = 10%. Kizimbani sehemu ya kwanza inakaribia 100%, kwa sababu chakula kinaletwa mdomoni. Isitoshe, sato hachomi nishati kupasha mwili joto, na anavunwa akiwa bado anakua. Mamalia na ndege hugeuza 1 hadi 3% tu ya walichomeng'enya kuwa mwili. Karibu yote iliyobaki hutoka kama joto la upumuaji.

fundi_kizimba
Naongezea upande wa kazi, maana hiyo kilo 1.5 haiji yenyewe. Wengi wanaishia kilo 2 na zaidi. Sababu kubwa ni kulisha kwa mazoea. Samaki 2,000 wa gramu 100 ni kilo 200. Kwa 3% ya uzito wao, wape kilo 6 kwa siku, milo miwili au mitatu. Wakifika gramu 300 shuka hadi 2%. Pima sampuli kila wiki mbili, la sivyo unalisha samaki wa mwezi uliopita. Punje zikiwa bado zinaelea baada ya dakika 20, umezidisha.

Kinachozama hakipotei. Bakteria wa chini wanakiozesha na kunyonya oksijeni. Ikishuka chini ya miligramu 3 kwa lita, sato hupunguza kula, na anachokula kinaishia kwenye kupumua badala ya kukua. Pima alfajiri, ndipo huwa chini kabisa. Ghuba yenye kina kifupi na maji yasiyotembea ni mahali pabaya: upepo ukichanganya maji, yale ya chini yasiyo na oksijeni hupanda na samaki hufa kwa mkupuo.

mwl_biolojia
Asanteni. Kwa hiyo naweza kuchora mnyororo wa ngazi mbili tu, chakula kisha sato?

lishe_samaki
Hapana mwalimu, usiufupishe hivyo. Tazama kilichomo kwenye punje. Zikiwa na 20% ya unga wa dagaa, kilo 1.5 zina gramu 300 za unga, na kila kilo ya unga inahitaji takriban kilo 4 za dagaa wabichi. Hizo ni kilo 1.2 za dagaa kwa kilo 1 ya sato! Dagaa naye amekula viumbe vidogo vya majini, navyo vimekula mwani. Sato wa asili anakula mwani moja kwa moja. Sisi tumempandisha ngazi bila sababu, kwa samaki ambao watu wangewala wenyewe.

Kwa sato wa kukuzia, protini ya 28 hadi 30% inatosha, na sehemu kubwa inaweza kutoka kwenye soya na mashudu ya alizeti. Angalia tu lisini na methionini (asidi amino, yaani vijenzi vya protini) zisipungue, na soya iwe imepikwa. Mbichi ina vizuizi vinavyozuia protini kumeng'enywa, na ile sehemu ya pili ya hesabu, ya kiasi kinachomeng'enywa, inaanguka.