Kuhusu: AFCON 2027 na tarehe ya harusi Tanga

Kutoka Toronto:

Assalaam alaykum ndugu zangu, shikamooni wakubwa. Mdogo wangu anaolewa Ngamiani mwaka 2027, na wazee wameniachia nichague mwezi kwa kuwa mimi ndiye ninayetoka mbali. Nimewaza niunganishe na AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, maana si kila siku mashindano haya yanakuja nyumbani. Wanangu wawili wamezaliwa huku, hawajawahi kuiona Taifa Stars uwanjani. Tiketi nikate lini?

Kutoka Birmingham:

Wa alaykum salaam. Marahaba mwanangu, na hongereni kwa shughuli.

Pangeni harusi kwanza, mpira ufuate. Nasema hivi kwa uchungu. CHAN 2024, yale mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, ilipangwa kuanza tarehe 1 Februari 2025. Nikaomba likizo, nikakata tiketi ya bei nafuu, ile isiyobadilishwa wala kurudishiwa fedha, ili nimpeleke baba Uwanja wa Mkapa, Dar. Tarehe 14 Januari ikatangazwa kuwa mashindano yamesogezwa hadi Agosti. Siku kumi na nane tu kabla! Nilikwenda hivyo hivyo, nikakaa na mzee barazani Makorora, tukauzungumza mpira ambao hatukuuona. Agosti ilipofika, Stars wakafungua kwa kuichapa Burkina Faso 2-0 palepale Mkapa. Mzee aliitazama kwenye televisheni, mimi niko kazini. Likizo nilishaimaliza.

Tena angalia majina yenyewe. CHAN "2024" imechezwa 2025. AFCON 2021 ya Kamerun ilichezwa Januari na Februari 2022. Ile ya 2023, Ivory Coast, ikachezwa Januari na Februari 2024 kukwepa mvua za Juni na Julai. Ya 2025 kule Moroko ilianza 21 Desemba na kumalizika 18 Januari 2026, kwa sababu Juni na Julai FIFA ilikuwa imeweka Kombe la Dunia la Klabu. Mvua, viwanja kutokamilika, kalenda ya wengine: chochote kati ya hivyo kinatosha kusogeza tarehe. Usiuamini mwaka ulio kwenye jina. Na hata tarehe ikishatoka, nunua nauli inayoweza kubadilishwa, japo ni ghali zaidi. Mimi sasa sikati nyingine.

Mfungo pia uutazame. Ramadhani ya 2027 inatarajiwa kuandama karibu na tarehe 8 Februari, kwa hiyo hapo hakuna harusi.

Jambo la watoto wako. Wenyeji ni nchi tatu, Kenya, Uganda na Tanzania, na watu wanadhani viza moja itawavusha kote. Ipo viza ya pamoja ya watalii ya Afrika Mashariki, lakini ni ya Kenya, Uganda na Rwanda. Tanzania haimo. Kama wanao wana pasi za Kanada na unataka kuwavusha mpaka Nairobi au Kampala kufuata timu, kila nchi iangalie peke yake, mapema.

Kutoka Tanga, Chumbageni:

Kaka, shikamoo. Nakazia alichosema shangazi, nami nina langu moja: saa.

Mwaka jana mgeni wetu alituandikia anafika "4:00". Tukaenda kumpokea saa nne asubuhi, kumbe alishuka saa kumi alfajiri, amekaa na mabegi yake peke yake. Tangu hapo nyumbani kwetu kila saa inaandikwa kwa Kiswahili, na neno alfajiri, asubuhi au usiku linafuata. Mechi nazo ni vivyo hivyo. Fainali ya Kombe la Dunia tarehe 19 Julai 2026 ni saa tisa alasiri kule New Jersey, ambayo kwetu Tanga ni saa nne usiku. Toronto mko nyuma yetu kwa saa saba wakati wa kiangazi, nane wakati wa baridi. Ukipiga simu kupanga mambo ya posa, usimwamshe bibi.

Kuhusu kwenda uwanjani: Dar ni kama kilomita 350 kutoka hapa, na Arusha, unakojengwa uwanja mpya wa watu 30,000 kwa ajili ya mashindano haya, ni zaidi ya 400. Kote unapita Segera. Usipange mechi siku moja kabla wala siku moja baada ya shughuli, watoto watachoka na wewe utatafutwa.

Ukishaamua mwezi tuambie haraka, kumbi za hapa hujaa mara tu baada ya Idi.