Kipindi cha mtikisiko, jengo la kuta za zege: mnatumia kanuni ipi?

Mjenzi_Fumba: Assalaam alaykum wakuu. Nina ghorofa saba huku Fumba, kimo (H) mita 21. Natafuta kipindi chake, yaani sekunde ambazo jengo linachukua kuyumba kwenda na kurudi mara moja. Kila mwelekeo kuta nne za zege, urefu wa mlalo mita 3, unene sentimita 20. Kanuni ya Eurocode 8 (mwongozo wa Ulaya wa majengo na matetemeko) ile ya haraka, 0.05 × H^0.75, inanipa sekunde 0.49. Ile inayohesabu kuta zenyewe inanipa 1.39. Kompyuta inasema 0.9. Nishike ipi?

Bi_Nondo: Waalaykum salaam kaka. Ile ya 0.05 haizijui kuta zako, inajua kimo tu. Ya pili inazijua, na inazionea kwa ufupi wake: urefu wa ukuta ukigawa kwa kimo, unajumlisha 0.2, kisha jawabu unalizidisha kwa lenyewe. Ziunganishe mbili mbili ziwe mbili za mita 6. Zege ni lile lile, kipindi kinashuka mpaka 0.98.

Mkaazi_wa_Chake: Sema kweli tu, 1.39 imekupendeza kwa kuwa kipindi kikirefuka, nguvu ya tetemeko ya kuhesabia inapungua 😄 Kwa udongo wa daraja C (si mwamba, si laini sana) nguvu inaanza kushuka baada ya sekunde 0.6, kwa hiyo ungebakiwa na asilimia 43 tu ya nguvu ya juu kabisa.

Mjenzi_Fumba: Astaghfirullah. Mwenye mali ndiye aliyeipenda.

Zege_Kavu: Kompyuta nayo usiiamini bure. Umepunguza ugumu wa zege kwa nusu, kwa ajili ya nyufa? Ukipunguza, 0.9 inakwenda 1.27. Halafu mafundi wakishabana matofali baina ya nguzo, jengo linakuwa gumu kuliko mchoro na kipindi kinafupika tena. Goel na Chopra mwaka 1998 walichukua rekodi za matetemeko kwenye majengo ya kuta za zege ya California, wakaona kimo peke yake hakitoshi. Na Wamarekani wana kifuniko: kipindi cha kompyuta kisipite mara 1.4 hadi 1.7 ya kile cha haraka.

Mkaazi_wa_Chake: Na asiseme mtu kwetu hakutikisiki. Agosti 2020, lile la baharini la kipimo cha 6 hivi, taa ya sebuleni kwangu ilicheza kama pembea.

Bi_Nondo: Basi nguvu hesabu kwa 0.49. Msogeo wa ghorofa, yaani inavyosogea pembeni, uangalie kwa zege lenye nyufa.

Mjenzi_Fumba: Nimeziunganisha. Msanifu ameninunia, dirisha lake la kuangalia bahari limekwenda.