Nakaanga maandazi usiku peke yangu, nyumba iko mbali na watu. Nijilindeje?

MamaKarai

Wanajamvi, habari za usiku. Naandika saa tisa kasoro, unga unaumuka, sina wa kuongea naye.

Mimi ni mkaanga maandazi. Naishi Buyuni, huku mbele ya Chanika, kwenye nyumba yetu wenyewe tuliyohamia mwaka jana ikiwa haijaisha. Bati lipo, madirisha yana nondo, plasta imefika vyumba viwili, fensi bado ni maneno. Waliohamia pagale kukimbia kodi watanielewa. Jirani wa kwanza yuko kama mita 200, na katikati ni viwanja vya watu vilivyoota majani mpaka kifuani (wenyewe wako mjini wanasubiri bei ipande). Mume wangu ni dereva wa lori. Akipakia mzigo wa Lubumbashi ni wiki tatu, na foleni ya Tunduma ikikataa kusogea anafikisha mwezi. Mtoto yuko Mkuranga kwa bibi yake, anasoma huko.

Naamka saa nane usiku, nakanda kilo sita za ngano. Saa tisa na nusu naweka karai kwenye jiko la mkaa, lile kubwa la bati. Gesi ni ya chai tu, kwa maandazi inaisha kabla ya wiki. Saa kumi na moja bodaboda anakuja kuchukua ndoo za maduka manne na kantini ya shule. Yaani saa ambazo kila mtu kalala, kwangu taa inawaka na harufu ya iliki inafika barabarani. Hata nikitaka kujificha siwezi.

Sasa sikilizeni. Nyuma ya nyumba kuna rundo la kokoto lililobaki tulipomwaga lenta. Jumanne iliyopita nikiwa na karai la pili nikasikia krrr. Nikabaki na upawa hewani. Kimya. Krrr tena, karibu zaidi. Halafu taa ya kibarazani ikazimika wakati ya ndani inawaka. Halafu dirishani sauti ya mwanaume, ya upole kabisa:

"Dada, yameiva?"

Upole ule ndio ulionimaliza. Angekuja na matusi ningejua pa kuanzia. Nikapaza sauti, sijui niliitoa wapi: "Baba Nasri, amka, kuna mteja!" Baba Nasri muda huo yuko Tunduma kwenye foleni. Nikaangusha sufuria makusudi, nikaburuta kiti, nikakohoa kiume. Sikusikia anavyoondoka. Maandazi ya karai lile yaligeuka mkaa, sikuthubutu kusogea dirishani kuyaopoa.

Bodaboda alipofika ndipo nikafungua. Balbu ya nje haikuungua. Imezungushwa kidogo tu, ikabaki inaning'inia kwenye pini zake. Chini kwenye mchanga kuna alama za kandambili, na ya mguu wa kulia kisigino kimekatika.

Tangu siku hiyo nafunga kila kitu. Vioo vya jikoni vyote, pazia juu yake, chini ya mlango naweka tambara mwanga usitoke. Geti la mlango wa nyuma nimelipiga kufuli mbili, funguo ziko chumbani chini ya mto. Nimechoka. Ikifika saa kumi kichwa kinagonga, kichefuchefu, miguu haina nguvu, nadhani ni woga na kukosa usingizi. Nikitoka kumpa bodaboda mzigo nikapigwa na upepo narudi kuwa mzima.

Naombeni ushauri kwa anayefanya kazi usiku peke yake. Msiniambie niache biashara, ndiyo iliyopaua hii nyumba.

Kidume_wa_Pwani

Mwanamke kukaa porini peke yake, mume yuko Kongo, huko ni kujitakia. Rudi mjini upange chumba.

MamaKarai

Kodi ya miezi sita utanilipia wewe mkuu? Nikutumie namba?

fundi_nondo

Dada pole. Mimi nachomelea mageti na madirisha, nyumba za aina yako ndizo zinazonilisha, kwa hiyo naongea kwa ninachokiona.

Kwanza hongera kwa kokoto. Usiziondoe. Zisambaze chini ya madirisha yote na mbele ya mlango wa nyuma, upana wa hatua mbili. Kokoto hazitumii LUKU. Mtu akikanyaga utamsikia, na yeye anajua kwamba umemsikia.

Balbu: huyo hakubahatisha, huo ni mchezo wao wa siku nyingi. Taa ikiwa usawa wa kichwa ni yake, si yako. Ihamishe ikae juu kabisa chini ya bati, tukuchomelee kikapu cha nondo nyembamba cha kuizungushia. Ongeza moja ya sola inayowaka mtu akipita, kwa sababu umeme ukikatika ndipo wanapotembea. Na kumbuka, ukiwa na taa ndani na giza nje, yeye anakuona na wewe unaona kioo tu. Geuza: nje kuwe na mwanga mkali kuliko ndani.

Ila kuna kitu kimenishtua kuliko mwizi. Uko jikoni na karai la mafuta ya moto, mlango una kufuli mbili, funguo chumbani chini ya mto? Mafuta yakishika moto utapita wapi? Niliwahi kuitwa kukata grili nyumba ikifuka moshi. Watu walikuwa hai, namshukuru Mungu, lakini nilisikia wanavyogonga nondo kwa ndani na mashine yangu inasubiri mtu alete waya wa umeme kutoka kwa jirani. Tangu hapo kila nyumba naacha dirisha moja lenye grili ya bawaba inayofunguka kwa ndani. Kufuli moja inatosha, funguo iwe kwenye msumari ukutani karibu na mlango, mahali ambapo mkono uliopita dirishani hauifikii. Ipapase gizani mpaka mkono uizoee.

Zamu_ya_Usiku

Fundi samahani nakukatisha. Nimeisoma post ya huyu dada mara mbili na mapigo yananienda mbio.

Dada MamaKarai, kichwa kinachokuuma saa kumi si woga. Jiko la mkaa, madirisha yamefungwa, tambara chini ya mlango, kichwa kinagonga, kichefuchefu, miguu inaisha nguvu, ukitoka nje unapona. Hiyo ni hewa ya mkaa, kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, na hapo harufu pekee unayosikia ni iliki. Inakamata damu mahali pa oksijeni, mwili unakosa hewa huku wewe unapumua vizuri tu. Hatua inayofuata baada ya miguu kulegea ni kukaa chini "nipumzike kidogo", na wengine hawainuki.

Mimi ni nesi. Nilikaa Njombe miaka sita. Juni na Julai baridi ikikaza, watu wanaingiza jiko chumbani na kufunga dirisha. Wanasema makaa yakishakuwa mekundu na moshi umeisha, jiko ni salama. Si kweli. Moshi ni ule unaouona. Hii haionekani, na inaendelea kutoka hata makaa yakiwa mekundu safi. Niliwapokea baba na binti yake alfajiri moja, waliletwa na jirani aliyekuja kuomba moto akakuta mlango haufunguliwi. Binti aliamka. Nisiendelee.

Usiku wa leo usiwashe jiko hilo ndani ukiwa umefunga. Hata kama mwizi anakuja na ngoma. Ukihisi kichwa, toka kwanza, mafuta yaungue. Usiende kulala ukidhani ni uchovu. Na ukienda hospitali, mwambie daktari kwa mdomo wako kwamba unakaanga kwa mkaa chumba kimefungwa, maana usiposema utapimwa malaria na kurudishwa nyumbani na vidonge vya maumivu.

Na kwa kuwa fundi kataja mafuta: yakishika moto usimwagie maji, yatalipuka yakurukie usoni. Zima gesi kama ndiyo unayotumia, funika karai kwa sinia la bati linalolifunika lote, uache mpaka lipoe. Sinia hilo liwe mkononi mwako, si kabatini. Moto ukikushinda toka, zimamoto ni 114.

MamaKarai

Dada nesi nimesoma hii nimekaa kwenye ngazi za nje. Jiko nimelitoa uani sasa hivi kwa kuliburuta. Leo maduka mawili yatakosa.

Lakini mnaniona nilivyo? Nikifungua, yule anaingia. Nikifunga, nakufa mwenyewe. Nishike lipi?

fundi_nondo

Unashika yote mawili. Usikae ndani na jiko, na usikae nje wazi. Una kibaraza cha nyuma? Kama kina slabu na paa, tunakifunga pande zilizobaki kwa nondo kuanzia chini mpaka kwenye bati, juu ya nondo wavu wa chuma ule wenye matundu madogo. Upepo unapita, mtu hapiti, mkono haupiti. Geti lake linafungwa kwa ndani, na mlango wa nyumba uko mgongoni kwako ukitaka kurudi. Kwa nje pandisha matofali kozi nne, yaani mistari minne, mpaka usawa wa kiuno, akichungulia aone kichwa chako tu, asijue umeshika nini. Maturubai usiweke hata mvua ikinyesha, ukizungushia turubai umerudi kulekule kwa nesi.

Babu_Sungusungu

Mwanangu, shikamoo yako nimeipokea hata kama hujaitoa. Nilikuwa ulinzi shirikishi miaka ile kabla magoti hayajakataa.

Huyo mtu hakukuja kuiba usiku ule, alikuja kupima. Kalegeza taa, kakuuliza swali, kasikiliza nani anajibu. Tena kasema "dada, yameiva", kwa hiyo anajua unapika nini na saa ngapi. Ni mtu wa njia hiyohiyo, au kaambiwa na wa njia hiyo. Ujanja wako wa Baba Nasri ulikuwa mzuri ila ni wa mara moja. Maduka manne, bodaboda, kantini, wote wanajua mumeo anaendesha lori. Nani aliwaambia? Wewe, na zile picha za lori unazoweka status ukimtakia safari njema. Mtakie simuni kwake.

Hela ya mauzo isilale ndani. Waambie wenye maduka walipie kwa simu, na lisemwe mbele ya watu, ili hata mpimaji alisikie.

Nenda kwa yule jirani wa mita 200, leo, na ndoo ya maandazi. Msikilizane: filimbi mara tatu maana yake njoo na tochi, yeye anajibu kwa filimbi moja. Filimbi ya refa, si ya mtoto, uivae shingoni. Usiwe mwepesi wa kupiga yowe la "mwizi". Huku kwetu yowe hilo linatoa watu na mawe, na ukikuta ni mlevi aliyepotea njia, roho yake utaibeba wewe. Kajitambulishe kwa mjumbe na mwenyekiti wa mtaa, uchukue namba ya polisi kata. 112 ni bure, piga, lakini gari mpaka lifike kwako kwa barabara hizo, jirani atakuwa ameshanywa chai.

Na fuga kanga wawili. Mbwa anahongwa kipande cha nyama. Kanga hahongeki, hata wewe mwenyewe ukienda chooni atakutangaza.

Kidume_wa_Pwani

Kwa hiyo mimi ndiye niliyeonekana mbaya hapa.

MamaKarai

Narudi baada ya wiki tatu, naomba msamaha kwa ukimya, nilikuwa na fundi.

Babu, shikamoo. Fundi wa huku Chanika kakifunga kibaraza kama alivyoelekeza fundi_nondo, nusu nimelipa, nusu Baba Nasri kaleta aliporudi. Wavu upo, kozi nne zipo. Usiku wa kwanza nilijiona kama kuku wa kisasa kwenye banda lake, nimekaa ndani ya nyavu nakaanga. Upepo unapuliza makaa, mkaa unaisha haraka kidogo, lakini kichwa hakijauma hata siku moja tangu nilitoe jiko ndani. Hata siku moja, dada nesi. Na mimi nilikuwa nanunua dawa za kichwa paketi nzima kwa wiki.

Funguo iko kwenye msumari. Siku ya pili nilijaribu kuitafuta macho nimefumba, nikaangusha chungu cha chumvi.

Jirani ni mzee mmoja mstaafu wa reli na mkewe. Kumbe na wao walikuwa wanaogopa taa yangu! Mke wake anasema walikuwa wanajiuliza ni nyumba gani inawasha moto saa tisa kila siku, wakahisi mambo mengine. Filimbi tumejaribu, inasikika mpaka kwao. Kanga bado, wanauzwa bei.

Kokoto zimelia mara moja tu, Alhamisi. Nilipiga filimbi, mzee akajibu, akatoka na tochi na bakora. Ilikuwa mbuzi.

Yule wa Jumanne hajarudi. Sauti yake naitafuta bado, kila mteja anayeniita dada namsikiliza mara mbili. Juzi dukani kaja mmoja wa kandambili, nikajikuta namtazama miguu mpaka akaniuliza kama nimedondosha hela.