Mrejesho: ile feloshipu ya kazi za uraia chuoni, nilikubali

Wakuu habari za saa hizi, mimi ndo yule niliyeuliza kama mtu aliyehitimu juzi tu akubali feloshipu (yaani nafasi ya muda ya kufanya kazi huku unajifunza) ya mwaka mmoja kwenye shirika lisilo la faida, ya kusaidia vyuo wanafunzi washiriki mambo ya uraia kama kupiga kura, au asubiri ajira ya kudumu. Nilikubali, sasa nina miezi saba ndani.

Aliyenambia nisome mkataba kabla sijasaini Mungu akubariki, maana niligundua ile hela ni posho sio mshahara na bima haimo, nikauliza, wakaiweka. Posho bado ndogo, hilo sifichi.

Kazi sasa. Nilidhani ntakuwa naandaa makongamano kumbe siku nyingi niko na meza nje ya maktaba, fomu za kujiandikisha kupiga kura mkononi, na swali ni lile lile, "mi nimejiandikisha nyumbani, huku chuo napigaje?" Kuna dada wa mwaka wa kwanza nilimwelekeza jinsi ya kuhamisha taarifa zake, kesho yake akarudi na wenzake wanne na maelezo anawapa yeye mwenyewe, mi nimekaa tu namsikiliza, aisee nilifurahi sana. Chama hatugusi kabisa, hata tisheti yenye rangi za chama huvai, na naona ni sawa kwa sababu wanafunzi wakihisi unampigia mtu debe wanakukimbia.

Sasa hivi nafundisha wawili waendeshe ile meza bila mimi, mkataba umebaki miezi mitano. Nikipata kazi ntawaambia.