Mjadala: Polisi mstaafu kupewa mkoa, tatizo ni mtu au ni kiti?

Wakuu, hili tulijadili bila matusi.

Juni 2025 Simon Sirro, Mkuu wa Jeshi la Polisi (IGP) wa 2017 hadi 2022 na baadaye balozi wetu Zimbabwe, aliteuliwa kuwa Mkuu wa Mkoa (RC) wa Kigoma. Aliyempisha ni Thobias Andengenye, naye polisi: aliwahi kuwa kamanda wa polisi wa mkoa (RPC) Arusha, akaongoza Zimamoto, Magufuli akamwondoa huko Januari 2020 na mwaka huohuo akampa Kigoma. Kabla yake alikuwepo Emmanuel Maganga, brigedia jenerali mstaafu. Watatu mfululizo, wote watu wa magwanda.

Utetezi tunaujua: mpaka wa Burundi na Kongo, wakimbizi wa kambi za Nyarugusu na Nduta, silaha. Sawa, lakini RPC si yupo? Anakaa kwenye Kamati ya Usalama ya Mkoa, na mwenyekiti wake ni RC. Sasa mweke pale aliyekuwa IGP. RPC gani atambishia mtu aliyekuwa akimpigia saluti juzi tu?

Kinachonikera zaidi ni hiki. Ibara ya 147 ya Katiba inamkataza askari kujiunga na chama chochote; ruhusa yake ni kupiga kura tu. Akistaafu leo, katazo limekwisha leo. Akiteuliwa RC, anaingia Kamati ya Siasa ya CCM ya mkoa kwa wadhifa wake. Yule tuliyeambiwa hana chama, aliyekuwa anaamua maandamano ya nani yaruhusiwe, anakaa meza moja na mwenyekiti wa chama mkoa. Na sisi wananchi hatukuulizwa, kwa sababu ibara ya 61 inampa Rais uteuzi.

Napendekeza askari wa ngazi ya juu akae kando miaka mitano kabla ya kushika cheo chochote cha kisiasa. Nawasilisha.

*Mchangiaji wa kwanza*

Mkuu, unawaonea polisi. Wale ma-RC wa "mkamateni huyo, mwekeni ndani" mbele ya kamera wengi ni makada tu, hata mgambo hawajapitia. Polisi angalau amekariri PGO, yaani kanuni za kazi za polisi, anajua mtuhumiwa ana haki gani. Mimi heri RC aliyekesha lindoni kuliko aliyelelewa na makofi ya mikutano.

*Mchangiaji wa pili*

Mbona umemruka marehemu Zelothe Stephen? Alikuwa RPC Dodoma, 2016 akapewa mkoa wa Rukwa, kisha akawa mwenyekiti wa CCM Mkoa wa Arusha hadi alipofariki Oktoba 2023. Uenyekiti ule ni wa kura za wajumbe. Kwa sheria yako ya miaka mitano, ungemnyima haki yake ya uraia. Polisi akivua sare si raia kama wewe?

*Mchangiaji wa tatu (Kenya)*

Huku kwetu gavana tunampigia kura tangu 2013, kwa hivyo polisi akitaka kaunti ashuke akaombe kura kama wengine. Lakini msituonee wivu sana. Kamishna wa kaunti bado anateuliwa kutoka Nairobi, na mambo ya usalama ni yake.

*Mtoa mada*

Mfano wa Zelothe naupokea kwa mikono miwili, maana unanisaidia. Uenyekiti aliuomba, wajumbe wakamkubali, wangeweza kumkataa. Rukwa nani aliulizwa? Anayegombea mimi sina ugomvi naye hata akistaafu jana, na pendekezo langu nalipunguza liwahusu wateuliwa tu.

Kuhusu makada, ni kweli, lakini fimbo wanayotumia ni ya kiti. Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inamruhusu RC kuamuru mtu akamatwe na kushikiliwa hadi saa 48. Inamtaka pia aandike sababu na nakala iende kwa hakimu. Nani amewahi kuiona karatasi hiyo? Aliyekariri PGO angeanza na hiyo.

*Mchangiaji wa nne*

Miaka mitano kando, mzee wa watu atakula nini?

*Mtoa mada*

Pensheni, mkuu. Kama mwalimu.