Naombeni ushauri: bampa la chuma na winchi kwenye Hilux

Habari zenu wakuu, nipo Lindi mjini, nina Hilux ya dizeli naipeleka sana Liwale kupitia Nangurukuru, mvua ikishanyesha ile barabara tope linashika mpaka chasisi, mnabaki kusubiri trekta lipite. Nataka nifunge bampa la chuma na winchi (mashine ya kamba ya kujivuta ukikwama) yenye nguvu ya kuvuta uzito wa paundi 9500. Fundi wa kuchomelea hapa anasema atalishikiza kwenye vibati vya bampa la zamani, mi roho inasita kwakweli maana ni vyembamba, winchi ikivuta si vitang'oka vyote? Nimeingia chini nikaona chasisi ina matundu ya bolti yapo wazi.

Je nifunge kwa bolti kwenye chasisi au kuchomelea kunatosha? Na springi za mbele zitahimili huo uzito au nibadilishe kwanza?