Unguja–Pemba kwa ndege: betri, haidrojeni, au tubaki na tabaini?

Mkaazi wa Wete: Assalaam alaykum. Safari ya Unguja hadi Pemba kwa Cessna Caravan huchukua takriban nusu saa, na ndege hiyo ya pangaboi husukumwa na tabaini, yaani injini inayoibana hewa, ikaichoma pamoja na mafuta, kisha gesi ya moto ikazungusha mapanga. Tarehe 28 Mei 2020, Caravan iliyofungwa mota ya umeme ya kampuni ya magniX iliruka nusu saa huko Moses Lake, Marekani. Kwa kuwa muda huo ndio wa safari yetu, naitanguliza betri mbele ya haidrojeni. Naomba maoni.

Fundi wa Kisauni: Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Ile ilikuwa safari ya majaribio isiyo na abiria. Rubani wa Pemba haondoki na nishati ya kufika tu. Lazima awe na akiba ya angalau dakika 30 nyingine mchana, na mvua za masika zikiufunga uwanja wa Chake Chake, awe na ya kurejea Unguja. Kilo moja ya mafuta ya ndege ina takriban kilowati-saa 12, ilhali kilo ya betri za lithiamu ina kama robo ya kilowati-saa. Hata tukikubali kwamba tabaini ndogo hupoteza robo tatu ya nishati hiyo kwa joto, mafuta bado yanaishinda betri kwa zaidi ya mara kumi. Tena mafuta hupungua njiani, na betri hutua na uzito uleule. Ninachokitamani kwenye mota ni kuepukana na chumvi ya bahari, ambayo huganda kwenye mapanga ya kompresa, sehemu ya tabaini inayobana hewa, hadi tuyaoshe kwa maji safi.

Maalim wa Fizikia: Umeme wenyewe nao tuufikirie. Ule wa kutoka bara ulipokatika Disemba 2009, Unguja ilikaa gizani hadi Machi 2010, na ingawa waya wa megawati 100 wa mwaka 2013 umetupa nafuu kubwa, bado tunategemea bara. Ama haidrojeni, tabaini huweza kuichoma: Rolls-Royce waliijaribu ardhini mwaka 2022 katika injini ya AE 2100, huko Boscombe Down, Uingereza. Lakini ikiwa kimiminika hutakiwa ihifadhiwe kwenye nyuzi 253 chini ya sifuri, na tangi lake huhitaji nafasi takriban mara nne ya mafuta. Ghala la namna hiyo kwa ndege chache za Pemba silioni.

Binti wa Mkoani: Shikamoo Maalim. Mbona mafuta mbadala hayakutajwa? Novemba 2023 ndege ya Virgin Atlantic ilitoka London hadi New York kwa mafuta yaliyotengenezwa zaidi kutokana na mafuta ya kupikia yaliyokwishatumika na shahamu za wanyama, bila ya kubadilishwa injini. Hoteli za Nungwi hukaanga kila siku. Bei yake ingali juu, lakini mimi ningeanzia hapo.

Mkaazi wa Wete: Hoja ya akiba imenibadilisha rai, sasa nayatanguliza mafuta mbadala. Fundi, kwa nini basi kawaida huruhusiwa kuchanganywa na mafuta ya kawaida ya ndege hadi nusu tu?

Fundi wa Kisauni: Ni kwa sababu ya mipira ya kuzibia. Mafuta ya kawaida yana kemikali zinazoivimbisha kidogo ili izibe vizuri, na mengi ya mafuta mbadala hayana kemikali hizo. Kwa hiyo mipira iliyokwishazoea mafuta ya zamani husinyaa, na mafuta huanza kuvuja kwenye maungio.